Pikapu ya Ignas Yatafutiwa Mpira

Kijiwe chetu kipo Mafiga, upande wa magereji, na benchi lake ni mbao za jeneza ambalo mwenyewe alipona. Ndugu walishalichukua kwa seremala, mgonjwa akaamka akaomba uji, mbao zikakosa pa kwenda zikaja kwetu, nasi tumezikalia hadi kila mtu ana shimo lake. Mbele yetu Uluguru umejifunika wingu hadi kidevuni, kama mgonjwa anayesikiliza ndugu wakigawana shamba. Nyuma yetu nyundo zinagonga mabati kutwa. Katikati tupo sisi na birika la Abdulmajid muuza kahawa, lenye kahawa chungu ya kumwamsha maiti, ingawa haijapata kumpeleka mtu yeyote kazini. Asubuhi ile ya Alhamisi hoja ilikuwa moja: pikapu ya Ignas ipulizwe mpira wa aina gani.

Kwa asiyejua, huo si mpira wa kuchezea. Ni rangi nzito inayopulizwa kwa kompresa ndani ya bodi ya nyuma ya pikapu, na ikikauka inabaki ganda gumu lisilopitisha maji. Kutu inakufa njaa. Na pikapu ya Ignas ilikuwa na kutu ya kutosha kuozeshea binti. Kabichi ikipanda humo ya kijani inafika sokoni na makalio ya kahawia, kama ilikalia ugoro.

Ignas mwenyewe ni mtu wa Nyandira, huko juu, ila anaishi hapa mjini. Tunamwita Kabichi kwa sababu ya mzigo wake, si kwa sababu ya kichwa chake, ingawa wiki ile mtu angeweza kukosea. Kazi yake tangu tumjue ni moja: anapanda mlimani jua halijatoka, anapakia kabichi, karoti na njegere za akina mama, anashuka nazo mjini. Mzigo chini, wenye mzigo juu yake. Ndivyo mboga zinavyosafiri huku kwetu: gunia linalala, mama anakaa juu ya gunia, mtoto anakaa juu ya mama. Sisi wa kijiweni hatujapata kukaa huko nyuma hata siku moja. Tukiomba lifti tunapewa kiti cha mbele, na bado tunalalamikia springi.

Sasa akina mama walikuwa wamemhama. Ahmadi wa Mlali alipata pikapu yenye afya zaidi, akaipuliza mpira mweusi tii ndani, laini kama sahani ya pilau, na tangu masika yaanze mama mmoja baada ya mwingine akahamishia magunia kwake. Ignas alikuwa anashuka na gunia la jamaa yake mmoja na upepo mwingi. Mwanawe wa kwanza alisharudi nyumbani kutoka bweni kwa kukosa ada, na mkewe Winfrida alishaanza kumsalimia kama mgeni aliyekuja kuulizia chumba. Kwa hiyo alipotuuliza apulize mpira gani, hakuwa anauliza habari za rangi. Alikuwa anauliza atarudishaje wateja, na nyumbani kwake watakula nini. Swali zito hilo. Akalileta kwa watu wanne wasio na gari.

Tena alikuwa na haraka. Fundi wa kupuliza alishachukua pesa, alishapanda basi kwenda Dar kununua madebe, na sasa alikuwa dukani anasubiri simu aambiwe abebe yapi.

Wa kwanza kutoa fatwa alikuwa Injinia. Jina lake Mikidadi, anauza vipuri vilivyokwisha kutumika, na uinjinia aliupata siku aliponunua ovaroli ya mtumba yenye neno hilo mgongoni.

— Weka mnene, alisema. Mnene hadi bodi ilalamike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa wenyewe uko chini, akasema Abdulmajid huku anamimina. Huyu atajenga sakafu.

— Wewe mimina.

— Namimina. Lakini nasikia pia.

Profesa alikohoa, maana yake tukae sawa. Profesa ni Sufiani, aliyefyeka majani chuoni Mzumbe miaka mingi, akastaafu na fyekeo lake, cheo tukamwongezea sisi. Yeye alisema unene ni mawazo ya watu ambao hawajakaa karibu na elimu. Adui si kutu, adui ni kelele. Bati tupu linapiga kelele kwenye makorongo, kabichi inasikia, kabichi ikisikia inashtuka, ikishtuka inalegeza majani, na kabichi iliyolegeza majani mbele ya mteja imeshajivunjia heshima. Mpira unanyamazisha bati, kabichi inafika imelala usingizi. Alisema jambo hilo limefanyiwa utafiti. Tulipomuuliza na nani, akasema na watu.

— Na karoti? Ignas aliuliza. Maskini, aliuliza kwa dhati kabisa.

— Karoti haina masikio, Profesa akamwambia, lakini ina moyo. Ikitikiswa sana, sukari yote inashuka kwenye ncha. Onja karoti ya Ahmadi, tamu kutoka juu mpaka mwisho. Onja yako.

Ignas akatazama chini, kama mtu aliyeonjwa.

Hapo kijiwe kikapasuka vipande viwili. Injinia alitaka mpira wa chenga, ule uliochanganywa na punje za tairi lililosagwa, unaokwaruza mkono ukiupapasa, kwa hoja kwamba gunia likiukalia halitoki. Profesa alitaka laini kama wa Ahmadi. Alisema ukipakia viazi Nyandira juu ya chenga, ukashuka navyo kona zote zile, utafika Mafiga na chipsi. Mimi nikasema ikiwa ni hivyo basi na afungiwe jiko na karai la mafuta nyuma, abiria wa njiani wapate na mayai. Wakaniambia kwamba hili si jambo la mzaha. Nikakubali. Nikaongezewa kahawa.

Habari ya kukauka nayo ikazua lake. Fundi alikuwa amesema baada ya kupuliza gari likae bila mzigo mpaka mpira ushike. Profesa akapitisha hilo kwa methali: haraka haraka haina baraka. Injinia akasimama. Nilishawahi kumwona Injinia akiwa na wazo, lakini hilo lilikuwa kubwa mpaka lilimtetemesha shavu.

— Hapana, alisema. Samaki mkunje angali mbichi. Mpira ukiwa bado mbichi, pakia kabichi palepale. Ziache zikae usiku. Asubuhi ukizitoa, kila kabichi imejichimbia kiti chake. Kuanzia siku hiyo hazisogei tena. Kila mmoja na siti namba.

Kwa muda mfupi sana wazo hilo lilionekana kuwa na akili.

— Na siku ya njegere? akauliza Abdulmajid.

Injinia akaketi.

Ikaja rangi. Nyeusi inaficha uchafu, lakini Profesa alisema nyeusi inavuta jua, akina mama watashusha kabichi iliyokwisha chemka, imebaki chumvi tu. Nyeupe inaonyesha kila tope. Nyekundu inakumbusha zimamoto, watu watasimamisha gari waombe maji. Profesa mwenyewe akamaliza kwa kijani. Alisema weka kijani, tena kijani kibichi, kabichi ikiangalia huku kijani, huku kijani, itadhani bado iko shambani, haitanyauka mpaka sokoni, na wajanja wakiiacha humo wiki nzima inaweza hata kuongezeka.

Ignas alikuwa ameshika simu mkononi, kidole kiko juu ya jina la fundi, kila anayesema anamgeukia. Nilimwona anasogeza midomo: mnene, laini, kijani. Alikuwa anakariri. Hilo lilinichoma kidogo, maana sisi tulikuwa tunacheza, na mwenzetu alikuwa kwenye mtihani.

— Ahmadi kapata wapi akili ya laini? alituuliza. Bodi yake haina hata msumari. Kila kitu amekitoa. Ukichungulia ni kama bakuli. Ndiyo maana mama wote wamekwenda. Hata Yuliana, aliyekuwa anapakia kwangu tangu sijaoa.

Hapo ilibidi azungumziwe Yuliana, kwa sababu wiki iliyotangulia, kwenye kona kali juu ya Mlali, Yuliana alianguka kutoka juu ya magunia ndani ya hiyohiyo pikapu ya Ahmadi, akavunjika nyonga. Kijiwe kilikuwa kimeshalichambua suala hilo na kulifunga. Injinia alisema yule mama alisinzia. Profesa alisema ni uzito, mwili ule ukianza safari haurudi. Na siku hiyo Profesa alipolisikia tena jina hilo akainua kikombe akasema:

— Aliye juu mngoje chini.

Tulicheka. Hata Ignas alicheka, kwa pua, kama mtu anayeomba radhi.

Kisha tukarudi kwenye kazi, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kujipongeza, kwa sababu sehemu ngumu Ignas alikwisha ifanya asubuhi hiyohiyo kwa ushauri wetu. Pikapu yake ilikuwa na mabomba. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anabeba mbuzi, akachomelea mabomba kuzunguka bodi yote, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Yalikuwa yamepinda, kila moja na msimamo wake, na katikati rangi ilikwisha toka, chuma kinang'aa kama pete ya bibi. Fundi alisema tu kwamba pale yalipochomelewa bunduki yake ya kupulizia haifiki vizuri kwenye kona, itabidi atumie brashi. Basi. Lakini Injinia aliyachunguza, akapapasa zile sehemu zinazong'aa, akatangaza kwamba chuma kinachokataa rangi pale pale kila siku kina ugonjwa, na ugonjwa huo utauambukiza mpira. Profesa akasema mficha uchi hazai, akimaanisha yatolewe. Mimi nikasema yanaifanya pikapu ifanane na kitanda cha hospitali.

Kwa hiyo asubuhi Ignas aliyakata yote kwa msumeno wa umeme, akasawazisha visiki vikabaki duara ndogondogo nyeupe kwenye ukingo wa bodi. Lori la chuma chakavu lilikuwa linapakia pale gerejini, likayanunua yakiwa bado ya moto. Ignas akavuka barabara akiwa na kitu kidogo mfukoni, akamwambia Abdulmajid amimine raundi zote mpaka birika liishe, na kashata ziletwe sahani nzima.

Hatukuwa tunakunywa kahawa siku hiyo. Tulikuwa tunakunywa mabomba.

Ndipo akaja Angelina.

Alitokea upande wa mjini, kwa miguu, kikapu mkononi, hotipoti tupu ndani yake. Ni mama wa makamo kutoka kwa akina Ignas huko juu, anauza njegere, na kijiweni kwetu hakuwa amewahi kusimama. Mwanamke mwenye mzigo hana sababu ya kusimama kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia wote, hata Injinia ambaye ni mdogo kwake.

— Kaka Ignas, nimekutafuta mpaka nyumbani. Winfrida kaniambia upo hapa.

Ignas akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

— Natoka hospitali, alisema Angelina. Yuliana anakusalimu sana.

— Anaendeleaje?

— Wamemwekea chuma nyongani. Kutembea, wanasema atatembea kidogo. Mzigo, basi tena.

Profesa akampa pole. Ni mtu wa adabu akikumbuka. Akasema mambo hayo ni ya Mungu, usingizi nao ni kama kifo, ukikuchukua hujui umekuchukua saa ngapi.

— Hakulala, baba.

Alisema taratibu, wala hakukasirika.

— Nilikuwa ubavuni mwake. Tulikuwa tunaongea habari za mwanawe. Ile ya Ahmadi ni nzuri, kabichi hazichafuki, sisemi uongo. Lakini ukikaa juu hakuna pa kushika. Kona ikija unashika gunia, na gunia lenyewe linateleza kule chini, mko wawili mnatafutana. Mimi nilimshika khanga. Ikabaki mkononi mwangu.

Hakuna aliyetafuna kashata. Angelina alibadilisha kikapu mkono, akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imechangamka, kama mtu aliyefika kwenye habari njema.

— Sasa akina mama tumekaa jana, tumeongea. Tumekubaliana wote, hata wale wa Langali. Kuanzia Jumatatu tunarudi kwako, Kaka Ignas. Kutu tutaiosha sokoni, maji yapo. Makelele tumeyazoea. Lakini kwako mtu unapitisha khanga yako kwenye bomba, unajifunga kiunoni, kona ije na ndugu zake, unafika. Miaka yote hiyo nani alianguka kwako? Yuliana mwenyewe ndiye aliyesema, mwambieni Ignas tulikosea.

Ilikuwa ndiyo habari aliyokuwa anaiomba kwa Mungu tangu masika. Kila kitu alichokitaka kilikuwa kimesimama mbele yake kimeshika hotipoti. Nilimtazama, na sijawahi kumwona mtu anapata kitu na uso wake ukafanya vile.

Nikaelewa na ule mng'aro wa mabomba. Chuma hakikuwa na ugonjwa. Ni khanga zilizokisugua.

Pikapu ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa gereji. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama. Sijawahi kuona watu watano wanashirikiana vizuri namna ile kutotazama kitu kimoja. Labda ndicho kilichomfanya Angelina ageuke. Akaiangalia, akakunja macho kwa sababu ya jua, kisha akavuka barabara. Akaweka kikapu chini. Akapitisha kiganja juu ya ukingo wa bodi, polepole, akasimama kwenye kisiki cha kwanza, akaenda cha pili, akazunguka mpaka upande wa pili. Akaokota kikapu chake, akarudi.

— Kaka Ignas, sasa tutashika wapi?

Ignas alimtazama Injinia. Injinia akamtazama Profesa. Profesa, mwenye methali ya kila msiba, aligeuza shingo. Akatazama mlima.

— Kuna kamba, Injinia alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kusikiwa.

— Kamba tutaifunga wapi? Angelina akamuuliza. Hakuwa anambishia. Alitaka kujua.

Ignas akauliza lile lori limeelekea wapi. Abdulmajid akasema lilikwenda Dar, na kwa mwendo wake saa hizi litakuwa Mikese, kama halijapita. Ignas akaitazama barabara ya Dar kama mtu anayeweza kulikimbilia. Akajipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, akaacha. Sote tulijua pesa aliyokuwa nayo iko kwa fundi, na fundi yuko dukani.

Simu yake ikaita. Aliiweka juu ya benchi, kati ya sahani ya kashata na kikombe changu, na jina la fundi likawa linawaka na kuzima. Mlio wenyewe ni wa kwaya. Iliimba ubeti mzima, ikanyamaza, ikaanza tena. Hakuna aliyemwambia aipokee. Mnene au mwembamba, chenga au laini, kijani au nyeusi: mtu alikuwa anasubiri jibu Dar es Salaam, na lote tulikuwa nalo, tumelipanga vizuri tangu asubuhi.

Mimi ndiye niliyezoea kuokoa hali pale. Watu wakikwama natupia neno, wanacheka, jambo linapita. Nikatafuta. Nikapata moja kuhusu mbuzi, nikalitazama, nikalimeza.

Angelina alikuwa bado amesimama. Alisubiri kwa heshima, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu aliyeuliza njia na anaamini kwamba wenyeji wanakumbuka tu, watamwelekeza sasa hivi.

Abdulmajid akainua birika. Likatoa tone, kisha machicha.

— Imekwisha, alisema.

Akapita akikusanya vikombe. Cha Injinia, cha Profesa, cha Ignas ambacho hakikuwa kimeguswa, changu. Alipokwisha kuvichukua vyote, tukabaki tumekaa pale mbele ya yule mama, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi.